Pointi za Shangazi na Magodoro ya Bweni

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nyingine umfikishie Bibi, umpaazie sauti kidogo ili asikie. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta wenyewe ni msafi, kwa hiyo sina malalamiko. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, ila hufungua barua za wapangaji kwa mvuke wa birika, kisha huzifunga vizuri kuliko zilivyokuwa. Ndiyo maana nakuomba uendelee kuniandikia kwa anwani ya ofisini.

Kazini naendelea vizuri, yaani hakuna aliyenifukuza. Wamenipanga sehemu ya barua katika kampuni hii ya kadi za mkopo. Asubuhi nawaandikia watu kuwasihi wanunue, na mchana nawaandikia walewale kuwasihi walipe. Bado niko kwenye majaribio. Mwisho wa Juni ndipo itakapoamuliwa kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani, na mwenye kuamua ni msimamizi wetu. Huku kwa siri tunamwita Bwana Mkato, kwa sababu hajawahi kupitisha barua ya mtu bila kuongeza mkato mmoja mahali kwa kalamu nyekundu.

Shangazi, nina shida. Kila mfanyakazi amepewa kadi ya kampuni, ile yenye pointi. Asiyeitumia hathibitishwi, kwa kuwa hawezi kuwasifia wateja kitu asichokijua. Anayechelewa kuilipa hathibitishwi pia, kwa kuwa ni aibu. Mimi yangu nimeiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, na kiatu juu ya kabati. Mpaka sasa nimeitumia kununua kalamu. Nilipotoka dukani nilikwenda moja kwa moja kuilipia ile kalamu, na dada wa dirisha la malipo akaniuliza kama naumwa.

Jana Bwana Mkato alipitia matumizi yetu. Akasema, "Kijana, kalamu?" Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, "Moja?" Nikasema ndiyo, mzee, lakini ni nzuri. Akaipigia mstari mwekundu, akaondoka, na hicho ndicho kinachonitisha.

Nifanyeje?

Mwanao,
Kobe


19 Februari

Kobe wangu,

Marahaba. Bibi naye anaitikia, ila ameuliza ni nani. Nilipomwambia akasema ulikuwa mtoto mzuri kabla hujaanza kuvaa tai. Sisi wazima. Nimemaliza sare za kwaya, na mwenye sauti nene amenenepa tangu nimpime, kwa hiyo siku ya kuimba atapumua kwa zamu. Fundi Spana, yule jirani wa baiskeli, amenyoa ndevu, na sasa mtaa mzima umejua kwa nini alizifuga.

Haya, tuje kwenye kadi. Wewe tangu uzaliwe unaogopa vitu visivyouma. Ulimwogopa jogoo wa kwenye kiberiti. Nilimpunguzia suruali mtu mmoja wa bima, akanieleza kwamba kadi za namna hiyo huwa na kadi ya pili, ya kupewa ndugu. Basi niombee hiyo ya pili, unitumie. Mimi kila wiki nanunua kitambaa, uzi, zipu na vifungo, na duka la vitambaa lina ile mashine ya kadi, wanaifunika kwa taulo kama mgonjwa. Nitapitisha kadi, fedha yangu taslimu nitaitia kwenye kopo, na mwisho wa mwezi nakutumia yote ulipe. Wewe utaonekana unatumia, na hutadaiwa hata sindano.

Nieleze na hizo pointi. Zinahesabiwa kama za mpira?

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko wazima. Mama mwenye nyumba amenunua birika kubwa zaidi.

Kadi ya pili nimeiambatanisha, nimeifunga ndani ya karatasi tatu na kipande cha shuka. Tafadhali isome barua hii yote kabla hujaigusa.

Ukinunua kitu kwa kadi, kampuni ndiyo inayomlipa mwenye duka. Mwisho wa mwezi wananiletea taarifa ya akaunti, na nikilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho hawaongezi chochote. Hapo kadi ni kama rafiki aliyekukopesha akasahau. Nikilipa pungufu, hata kidogo, rafiki anakumbuka, na riba inaanza kukua usiku na mchana, mpaka sikukuu. Kuna kiasi cha chini ambacho lazima kilipwe kila mwezi. Usipokilipa, unaingia kwenye orodha ya waliochelewa, na orodha hiyo huletwa mezani kwangu.

Pointi ni zawadi. Kila unaponunua wanakuandikia pointi, zikiwa nyingi unachagua kitu kwenye kitabu cha zawadi. Ukichelewa kulipa zinafungiwa. Hesabu nilizofanya zinaonyesha kwamba kwa matumizi ya kawaida, mtu mwangalifu hupata mwavuli.

Naomba ununue vya kushonea tu. Naomba kadi isilale dukani. Naomba usimweleze Fundi Spana.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Kobe


28 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Bibi ameanza kusikiliza redio kwa sauti ya juu na kuijibu. Juzi amegombana na mtabiri wa hali ya hewa.

Kadi imefika, na nilimweleza Fundi Spana kwa sababu alikuwa amesimama hapohapo. Ametaka tairi mbili. Akanipa fedha mkononi, nikapitisha kadi, yeye akapata tairi, mimi nikapata pointi. Mke wake akataka pasi. Muuza dawa akataka mizani. Sasa mtu akitaka kununua kitu cha maana ananipitia kwanza, tunakwenda wote dukani, mimi mbele. Wananiita Mama Kadi. Fedha zote zilikuwa kwenye kopo na leo nimekutumia, hesabu uone kama kuna hata senti iliyopungua.

Kitabu cha zawadi nimekiona dukani. Mwavuli waachie wenyewe. Ukurasa wa mwisho kabisa kuna kiti cha masaji, cheusi, kinakanda shingo, mgongo mpaka kwenye vigimbi, na kina kitufe chake pembeni. Pointi zake ni nyingi sana, nyingi mpaka wameziandika kwa herufi ndogo kwa aibu. Hicho ndicho ninachokitaka.

Bibi anasisitiza nikuandikie kuhusu mgongo wangu. Nimekwisha kuandika neno mgongo, tuendelee.

Kula vizuri. Mwanamume mwembamba akivaa tai huonekana kama amefungiwa mahali.

Shangazi yako


10 Aprili

YAH: MWEZI WA POINTI MARADUFU

Mteja wetu mpendwa,

Tunakukumbuka. Kwa kuthamini uhusiano wetu wa muda mrefu, mwezi huu wa Aprili kila ununuzi wa samani, magodoro na vifaa vya nyumbani utakupatia pointi maradufu. Mpendwa mteja, usikose nafasi hii. Usingoje kesho. Nunua sasa, kwa kuwa unastahili, na sisi tuko pamoja nawe.

Kwa maoni yoyote, tumia bahasha iliyoambatanishwa. Usisite, mpendwa.

Wako mtiifu,
Karani wa Barua


22 Aprili

Kwa mtoto wangu hapo ofisini,

Hujambo, na wote walio karibu nawe hawajambo? Nimeipokea barua yako ya tarehe kumi. Ilikuwa fupi na haikuwa na salamu, nikajua mna kazi nyingi. Hata Bibi hukumuulizia. Lakini uliniita mpendwa mara tatu, na tangu upate akili hujawahi kuniita hivyo zaidi ya mara moja kwa barua, nikamsomea Bibi akalia kidogo. Saini nimeitambua, ile ya kobe aliyejikunja.

Nilikuwa nakusikiliza wewe kwamba ninunue vya kushonea tu. Kwa kuwa umebadili mawazo na umenisihi nisikose, sikukosa. Bwana mkubwa wako naye umsalimie, nimesikia ni mtu wa kusahihisha. Wewe kama umechoka, mwombe akupe siku moja ulale.

Nimefurahi sana kwamba unastahili kuniambia ninastahili.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini Bibi ni mzima. Mimi ni mzima.

Ile barua haikutoka kwangu. Yaani niliiandika mimi, lakini niliwaandikia watu wote, watu elfu nyingi, wote ni wapendwa. Na ile bahasha hairudi kwangu, inarudi kwa Bwana Mkato. Aliifungua mbele ya sehemu nzima akitarajia lalamiko. Alisoma kimya, akakaa, akasoma tena kwa sauti. Alipofika pale Bibi anapolia, dada mmoja wa mashine ya kunakili alilazimika kutoka nje. Bwana Mkato akaniuliza, "Huyu ni mteja?" Nikasema ni shangazi yangu, mzee. Akasema, "Nimesalimiwa humu." Akaipeleka ofisini kwake bila kuongeza mkato hata mmoja.

Lakini si hilo. Leo taarifa ya akaunti imefika. Kuna uzi, kuna vifungo, kuna bawaba za mlango, nadhani ni za Fundi Spana. Halafu pameandikwa "magodoro". Nimeiangalia tarakimu hiyo nikidhani mtambo umekosea. Shangazi, ni magodoro mangapi? Ya nani? Na fedha yake iko kwenye kopo?

Nijibu haraka, na tafadhali kwa bahasha ya kawaida.

Kobe


21 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Huenda barua zimepishana. Nakumbusha tu kuhusu lile neno magodoro.

Kobe


26 Mei

Kobe wangu,

Marahaba, tena mbili. Usidhani nilikuwa kimya, nilikuwa na shughuli. Mvua imenyesha vizuri. Yule mwenye sauti nene alichana sare kifuani katikati ya wimbo na watu wakadhani ni sehemu ya wimbo. Muuza dawa amejifungua, yaani mkewe. Bibi amepatana na mtabiri wa hali ya hewa. Cherehani imeanza kuruka mishono nikaipaka mafuta, ikatulia. Fundi Spana anafuga tena ndevu na sote tumeshukuru. Kuna paka mweupe anayekuja dirishani, sijui ni wa nani, ana tabia nzuri.

Magodoro ni ya bweni la wasichana. Mwalimu Mkuu alikuja kushonesha mapazia, akasema watoto wanalala juu ya springi tupu za vitanda, zinawachora mistari mgongoni. Nikamwambia kuna mwezi wa maradufu. Tukaenda. Duka zima lilisimama kunitazama, na mwenye duka aliitoa mashine kwenye taulo kwa mikono miwili.

Fedha yake haipo kwenye kopo. Atalipa shule zikifunguliwa Julai, karo zikiingia. Ni mtu mwaminifu, anatembea wima.

Kitu kingine. Pointi zilitosha, na zilibaki tano. Nilipiga simu ile namba ya nyuma ya kadi, kijana mmoja mwenye adabu akaniambia kiti kimekwisha kutoka ghalani. Sasa hivi kiko njiani. Ajabu ni kwamba hakuniuliza nakaa wapi.

Shangazi yako


10 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua kwa nini hakukuuliza unakaa wapi. Sisi wa barua tunayo anwani yako, lakini watu wa zawadi wana moja tu, ya mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni mimi, na nilijiandikisha kwa anwani ya ofisini kwa sababu ya birika.

Kiti kimefika Jumatatu. Wabebaji wanne walikipandisha ngazi wakiuliza jina langu kwa kila mtu. Hakikupita mlango wa sehemu ya barua. Mahali pekee kilipopita ni ofisini kwa Bwana Mkato, ambako mlango wake ni wa milango miwili. Kimewekwa mbele ya meza yake. Nilimwomba radhi mpaka akaniomba niache.

Sasa nikueleze hali ilivyo, bila kukulaumu. Kiasi cha chini cha mwezi uliopita nilikilipa kwa mshahara wangu wote. Nimepungua kidogo, inanipendeza. Cha mwezi huu sikuwa nacho. Riba nayo imeanza, na kila nikiamka imekua, kama mtoto wa jirani. Juzi nilipopewa rundo la waliochelewa, jina la nne lilikuwa langu. Sikuweza kumwomba mwenzangu aniandikie. Nikajiandikia. "Mteja wetu mpendwa, tumesikitika kuona." Nikapiga muhuri, nikaipeleka posta, na kesho yake nikaletewa hapo mezani. Shangazi, kila neno nililijua, na bado niliogopa.

Kikao cha kunithibitisha ni tarehe ishirini na nane. Kama nitakuwa bado kwenye orodha hiyo, wamesema hawatahitaji hata kukaa.

Jana jioni nilipeleka barua za kusainiwa nikamkuta Bwana Mkato amekaa kwenye kiti chako. Kimewashwa. Macho amefumba. Ana mgongo mbaya, ofisi nzima inajua, huokota kalamu kwa mguu. Akafumbua jicho moja akasema, "Kijana, hiki unauza kiasi gani?" Fedha aliyoitaja ingenitoa kwenye orodha mpaka mwaka ujao. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, nikakumbuka Bibi alivyosisitiza uandike lile neno mgongo. Nikamwambia, "Mzee, si changu. Ni cha shangazi." Akasema, "Yule aliyenisalimia?" Nikasema ndiyo. Akafumba jicho.

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nimerudi nyumbani nimelala na viatu.

Kobe


17 Juni

Kwa Bwana Mkato (uniwie radhi kama si jina lako la nyumbani, ndilo ninaloandikiwa),

Salamu kwako na kwa wote wanaokutegemea. Natumaini mgongo umeamka vizuri. Mimi na mama yangu tu wazima, yeye anasema mwanamume mwenye mgongo mbaya asilale kifudifudi.

Nimesikia unakipenda kiti changu. Kukiuza sikiuzi, nimekihangaikia. Ila usafiri wa kukileta huku ni ghali kuliko kiti, na mimi sina mlango wa milango miwili. Kwa hiyo nakukodisha. Utalipa kila mwisho wa mwezi, na ya mwanzo utatanguliza miezi mitatu, kama chumba. Fedha hiyo usinitumie mimi. Mpe mtoto wangu mkononi kabla ya tarehe ishirini na nane, mbele ya shahidi. Kukikalia huku unakula ni marufuku.

Huyo kijana umtazame vizuri. Anaogopa kila kitu na bado anakuja kazini kila siku. Wasioogopa hilo hawalijui.

Ahsante kwa kunisoma mpaka hapa. Mikato uweke mwenyewe panapostahili.

Shangazi wa karani wako


2 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo nyingi. Umewahi kusimama mbele ya mtu anayeuliza kwa upole, "Bwana Mkato ni nani?" huku ameshika barua ya shangazi yako? Nilifikiria kusema ni mtu mwingine. Nikasema, "Ni wewe, mzee." Akauliza, "Ni wote wanaoniita hivyo au ni wewe tu?" Nikasema ni wote, mzee, ila mimi huwa naita kwa sauti ya chini. Akafungua droo, akahesabu kodi ya miezi mitatu mbele ya dada wa mashine ya kunakili, akasema, "Shahidi huyu hapa." Nilikimbia ngazi kwenda kulipa. Dada wa dirishani akauliza tena kama naumwa.

Kikao kilifanyika ofisini kwake. Yeye alikuwa kwenye kiti, kimewashwa, kwa hiyo sauti yake ilikuwa ikitetemeka na sikuweza kujua kama ni hasira au ni mashine. Akasema jina langu limetoka kwenye orodha. Akasema matumizi yangu ya kadi ni makubwa kuliko ya sehemu nzima ikiunganishwa, na wakubwa wa juu wameuliza huyu kijana ananunua nini. Akawajibu, "Magodoro." Halafu akauliza, "Sasa umeijua bidhaa yetu?"

Nikamwambia ninavyoona. Kwamba kadi ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kuwa na fedha mfukoni na ana haraka ya kulipa, huyo anapewa mwezi mzima wa bure na mwavuli juu yake. Kwamba pointi ni za kweli, kiti ni cha kweli. Lakini barua yetu ya Aprili haikuwaambia watu kwamba tunawapa mwavuli ili wasahau wanalowana. Riba ya magodoro ingetosha kununua miavuli ya ofisi yote. Niliyasema haya huku nikiangalia zulia.

Kiti kikakanda. Kisha akasema, "Ungeweka mkato baada ya 'miavuli'," akasaini. Nimethibitishwa, Shangazi. Nimetoka nje nikala chakula cha watu wawili.

Mwalimu Mkuu alipe, tafadhali.

Mwanao aliyethibitishwa,
Kobe


19 Agosti

Kobe wangu,

Marahaba, na hongera ambayo nimeitangaza mpaka kwa watu wasiokujua. Bibi anauliza kama sasa unaweza kuvua tai.

Mwalimu Mkuu amelipa yote, pamoja na ile riba, ambayo niliiweka kwenye mapazia bila kumwambia. Nimekutumia, maliza deni. Kadi nimeifungia kabatini. Sitaidanganya nafsi yangu, naitamani. Watu wa mtaa bado wananipitia, mmoja alitaka nimpitishie jokofu, nikamwambia Mama Kadi amestaafu. Siku mbili mtaani hawakunisalimia.

Kuhusu kiti. Kodi ya miezi ile wewe uliilipia deni, kwa hiyo nilikata kiasi hichohicho kwenye fedha ya Mwalimu Mkuu, na nilikuwa nampa Mama Mkandaji wa mtaa wa pili kila Ijumaa. Ana mikono kama ya mwokaji, na anakanda huku akisimulia, kitu ambacho kiti hakiwezi. Mgongo umetulia. Nimeandika kuhusu mgongo wangu kwa hiari yangu, umwambie yeyote.

Shida ni kwamba miezi mitatu kwa hesabu yangu ilianza kiti kilipofika, kwa hiyo inakaribia kwisha, na ya mwezi ujao ilipaswa kutangulizwa kama ya chumba, na haijafika. Ijumaa mbili Mama Mkandaji hakuja, na nimepitwa na mengi. Bwana mkubwa wako amechelewa.

Wewe si ndiyo kazi yako? Mwandikie.

Shangazi yako


5 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba usome hii ukiwa umekaa.

Nilijaribu kukueleza kwa simu kwamba hesabu yako ya miezi ina utata, ukakata. Basi nikaandika. Niliandika nikachana, nikaandika tena. Mwishowe nikatumia barua ileile ya ofisi, ninayoijua, nikabadilisha jina. "Mteja wetu mpendwa, tumesikitika kuona." Nikaiingiza chini ya mlango wake asubuhi kabla hajafika, nikarudi mezani, nikaanza kufunga vitu vyangu kwenye boksi.

Saa nne akaniita. Alikuwa kwenye kiti, barua mkononi, mashine imezimwa. Akaniuliza, "Hii umeandika wewe?" Nikasema ndiyo, mzee. Akasema ni mwaka wa kumi na tano yeye anapitisha barua hii kwa watu, na hajawahi kuipokea. Akasema ni barua mbaya sana. Akasema, "Inaingia mlangoni na viatu. Hata mgongo wangu hujauliza. Shangazi yako angeniuliza."

Nikasema, "Deni lenyewe ni halali, mzee." Sijui ni nani aliyesema hivyo, Shangazi, lakini ndani ya chumba tulikuwa wawili tu na mmoja alikuwa yeye.

Akasema, "Sijakataa. Nalipa. Ila hii silipi. Nenda kaandike nyingine."

Nikakaa hapohapo kwenye ukingo wa meza yake. Nikaandika, "Mzee wangu, habari za tangu juzi? Huyo mtoto wako aliyekuwa na homa ameamka? Sisi tu wazima. Shangazi anakusalimu, na Bibi anauliza kama bado unalala kifudifudi." Nikaandika na habari za kwaya. Nikaandika kuhusu paka. Kulifikia deni ilinichukua ukurasa wa pili.

Alisoma yote. Kwenye paka alicheka. Akatoa fedha, akazihesabu mara mbili, akaongeza ya mwezi ujao, kisha akaomba abaki na barua.

Kobe